Gari Lililokunywa Betri

Aliyenipigia simu aliuliza kama mimi ndiye yule binti wa waya. Nikamwambia binti hayupo tena, labda bibi, na waya ninazo nyingi, anataka ya gari gani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka kulia, akasema anaitwa Zaituni, kwamba shangazi yake Bi Salma wa Ifakara amefariki, ameshazikwa, na Jumamosi ni hitima ya arobaini. Namba yangu aliipata kwa madereva. Ukikaa kwenye gereji ya umeme wa magari hapa Morogoro miaka yote niliyokaa mimi, namba yako inakuwa kama bomba la mtaa, kila mtu anachota. "Shangazi alikuwa akikutaja," Zaituni akasema. Nilitaka kuuliza alikuwa akinitaja kwa lipi, maana mimi na marehemu hatukuachana kwa kukumbatiana, lakini mfiwa haulizwi maswali ya namna hiyo kwenye simu. Nikasema nitakuja. Nikafunga duka, nikapanda basi.

Siku hizi Ifakara unafika na nguo safi. Zamani ulishuka na vumbi hadi kwenye kope, na masika ulishuka na matope, kama ulibahatika kushuka. Nyumba ya Bi Salma ipo palepale upande wa mto Lumemo, ua uleule, na bandani, mahali palepale, nikalikuta gari. Lile gari la saluni la Kifaransa ambalo mtaa mzima waliliita Mfaransa. Matairi yamelala chini, rangi imepauka, kuku ametagia kiti cha mbele. Watu hudhani kitu cha kale kinakurudishia ujana. Mimi kilinirudishia njaa, harufu ya mpunga, na kile chumba nilichokaa mwaka mzima bila mtu wa kuniuliza nimelalaje. Nikasimama pale na begi langu mpaka Zaituni akaja kunipokea, akadhani nalia kwa ajili ya shangazi yake. Nikamwacha adhani hivyo.

Nilikotoka hakuhusu hadithi hii. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na ushee, na nilishuka Ifakara na begi moja na testa niliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu ya indiketa na vipande viwili vya waya, kwenda kujifunza umeme wa magari kwa fundi aliyejulikana kwa jina la Chuma. Chuma alinipokea kwa sababu nilikuwa na vidole vyembamba vya kufika nyuma ya dashibodi, na alilisema hilo mbele ya watu ili nisije nikajidanganya kuwa kuna sababu nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema "lete" na "shika", basi. Wanaume wa gereji walikula pamoja kwenye sinia moja chini ya turubai, mimi nikala wangu nimekaa juu ya tairi, maana mwanamke kuchanganya mkono nao haikufaa, na mwanamke mwingine hakuwapo. Jioni nikirudi, wanawake bombani walinisogezea nafasi nichote haraka niondoke. Nilisikia mmoja akisema, "Huyo wa oili," na mwenzake akamjibu, "Ataolewa na spana." Ukweli walinichekesha. Lakini kuna kucheka na wenzako, na kuna kucheka peke yako ukiwa na ndoo kichwani.

Chumba nilipanga kwa Bi Salma. Alikuwa mjane wa Mzee Seif, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye wazee wake walitoka Kilwa, na nilipofika alikuwa ndio kwanza ametoka eda. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mpunga. Walitoa magunia wakaacha harufu yake na panya wake. Kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, dirisha moja la mbao linalotazama banda la gari. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa wa chumba cha Bi Salma, na ukuta ule ulikuwa mwembamba, hivyo nilimsikia akisali, nilimsikia akikohoa, na mara nyingine nilimsikia akizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa: leo mchele umepanda, leo yule mteja wako wa kanga alipita, nimemwambia aje kesho. Mwanzoni nilidhani ana mgeni. Baadaye nikajua anazungumza na marehemu. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nazungumza na panya.

Mtu wa tatu pale uani alikuwa mlinzi, kijana wa Kipogoro kutoka upande wa Mahenge, jina lake Kalolo. Alilinda geti usiku, mchana alilala kidogo na kufanya vibarua vya uani, na Jumapili alivaa shati jeupe akaenda misa. Alikuwa na redio ndogo ya mawe, zile betri kavu za mviringo, na mawe yakiisha nguvu aliyapanga juu ya ukuta kuyaanika juani, kama tulivyofanya wote enzi zile, ili yapate pumzi ya taarifa ya habari ya jioni. Jumapili moja akirudi kutoka kanisani alinikuta nakula wali mkavu mlangoni. Akaenda jikoni kwake, mafiga matatu nyuma ya geti, akaja na bakuli lenye perege wa mchuzi wa nyanya, akaliweka chini, akasema, "Fundi, wali hauendi bila dereva." Tukala. Toka siku hiyo kila Jumapili tulikula pamoja, tukisikiliza redio yake ikififia. Nilimpenda. Nasema hivyo hivyo bila kulipamba, maana kwa umri wangu sina wa kumficha. Yeye sikujua ananionaje, na sikuuliza, nikijiambia muda upo.

Sasa gari. Mzee Seif alikuwa na desturi ya kuliwasha Mfaransa kila asubuhi baada ya swala, kabla hajafungua duka, awe na safari asiwe nayo. Mtaa ulijipangia kazi kwa mlio wake. Alimfundisha na mkewe kuendesha kwenye uwanja wa mpira, jambo ambalo ndugu zake hawakulipenda, na alipotoka eda Bi Salma aliishika desturi ile ya asubuhi kama mtu aliyeachiwa mtoto. Tatizo ni kwamba gari halikuwaka. Mchana ukilisukuma, likashika, likatembea hadi sokoni na kurudi, halina shida. Likilala tu, asubuhi stata inatoa kwikwi moja kisha kimya. Na Ifakara si mji wa kuegesha gari kwenye mteremko, mteremko wenyewe hakuna, mji mzima ni tambarare kama sinia. Kwa hiyo kila asubuhi waliitwa watu wa kusukuma: wanaume wanaotoka msikitini, makuli wa mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, na mimi. "Shikamoo Bi Salma." "Marahaba wanangu, nisaidieni." Tunasukuma hadi kwenye kona, linashika, linapiga moshi, watu wanapangusa mikono. Nitasema jambo la kipuuzi: niliipenda ile shida. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambapo bega langu lilikuwa kati ya mabega ya watu.

Fundi Chuma alikuja, akabadilisha betri. Betri nyingine nayo ikalala. Akatoa teminali, vile vichwa vya waya vya betri, jioni; asubuhi betri nzima. Akasema, "Betri haina kosa. Kuna kitu kinainywa," akaondoka zake, ana magari ya watu yanamsubiri. Bi Salma alilichukua neno lile akaligeuza. Gari haliwezi kunywa umeme likiwa limezimwa, alisema. Anayekunywa ni mtu. Na nani analala karibu na gari, na nani ana redio? Alilisema kwanza kwangu, halafu kwa muuza vitumbua, halafu asubuhi moja mbele ya wasukumaji wote, Kalolo mwenyewe akiwa ameshika mlango wa gari: "Kuna watu tunawalisha na bado wanatunyonya. Mwezi ukiisha tutaachana, na atakayeniuliza sababu nitamwambia." Kalolo aliinamisha kichwa, akasukuma. Mlinzi aliyeitwa mwizi Ifakara hapati geti jingine hapo wala Mlimba, na habari ingepanda Mahenge kabla yake, impate mama yake kanisani. Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka ule. Si gari. Ni jina la mtu.

Nilimwendea Bi Salma jioni ile nikamwambia, "Mama, mwenye betri ya gari haaniki mawe juani."

"Mwizi mjanja huanika," akanijibu.

"Basi niruhusu nitafute. Jumapili gereji tumefunga."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani anapima kama mtoto wa kike ataliharibu gari la mumewe. Leo najua alikuwa akipima kitu kingine. Akasema, "Tafuta. Lakini usivunje kitu."

Kutafuta kinachonywa betri ni kazi inayotaka mtu asiye na pa kwenda. Hakuna mlio wa kufuata, hakuna moshi. Gari limezimwa, limenyamaza, lina kila dalili ya kulala, na wewe unatakiwa umjue aliye macho. Jumapili ile Kalolo alikuwa misani. Nilifungua teminali ya hasi, nikaweka testa yangu katikati, ncha moja kwenye betri, ncha nyingine kwenye kichwa cha waya. Kila kitu kikiwa kimezimwa, balbu haitakiwi kuwaka. Ikawaka. Si kwa nguvu, lakini nyekundu, imetulia, kama mtu aliyezoea. Nikaanza kuchomoa fyuzi. Gari lile lilikuwa na fyuzi chache tu, mafundi wa leo wakiziona watacheka. Ya kwanza, balbu inawaka. Inayofuata, inawaka. Nilipochomoa ya mwisho ikazima, nikajisikia mtu kwa mara ya kwanza toka nifike mji ule. Fyuzi hiyo ililisha honi, saa ya dashibodi na taa ya ndani. Nikairudisha, nikafungua honi: balbu inawaka. Nikafungua saa: inawaka. Taa ya ndani: inawaka. Kilibaki kiwaya kimoja chekundu kinachopita chini ya zulia kwenda nyuma. Nikainua kiti cha nyuma nikakifuata kwa kidole hadi kilipozama kwenye tundu la bati. Kilikuwa kinaingia kwenye buti.

Nilikwenda kumwomba Bi Salma ufunguo wa buti. Alikuwa mlangoni anapepeta mchele. "Ulipotea na mwenyewe," akasema, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo la kanga, pale wanawake wanapofunga funguo. Ukakaa hapo. Nikasema sawa mama. Nikarudi bandani, na wakati huo ndipo nilipotazama vizuri mfuniko wa buti, nikaona umefunga lakini haukushuka hadi mwisho. Umeng'ata jino moja. Nilikuwa nimeuona hivyo siku zote nikadhani ni uzee.

Ukitoa egemeo la kiti cha nyuma la gari lile unakuta bodi laini ya kutenganisha na buti. Nililegeza kona yake kwa bisibisi, nikachungulia. Kulikuwa na mwanga. Mchana kweupe, ndani ya giza lile, kitaa kidogo cha buti kilikuwa kinawaka, na chini yake kanzu nyeupe zimekunjwa kama za dukani, kofia zimepangwa moja ndani ya nyingine, makubazi, na koti jeusi la sufu. Vitu vilikuwa vingi kuliko nafasi, ndivyo vilivyouzuia mfuniko usishuke na kuibonyeza swichi inayozima taa. Mkono wa koti ulikuwa umelalia balbu. Palikuwa na alama ya mviringo, imeungua rangi ya kahawa, na harufu ya udi iliyochanganyika na ya sufu iliyoungua ikanijia puani. Nikaketi sakafuni mwa gari. Sikuhitaji mtu kuniambia nguo zile ni za nani.

Kalolo aliporudi kutoka misani nilimkimbilia getini kama mtoto. "Nimekuokoa," nikamwambia. "Ni taa ya buti. Njoo uone." Alikuja, lakini hakuchungulia. Alisema, "Fundi, rudisha hiyo bodi."

"Hujaona kilichomo."

"Najua kilichomo. Alfajiri, kabla ya adhana, mama huja kufungua. Anazitoa, anazikunja upya, anazirudisha. Mimi hugeukia barabarani."

Nikamuuliza kwa nini basi anakubali kuitwa mwizi. Akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu vyake vya kanisani, akavipangusa kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba nguo za marehemu zilitakiwa zigawiwe kwenye arobaini, ndiyo desturi yao, na shemeji zake Bi Salma walipoziulizia aliwaambia ameshazipeleka kwa maskini kule kijiji cha Mbingu. Wakamsifu. Wakamwombea. "Ikijulikana ziko humu," Kalolo akasema, "watasema amezuia sadaka ya mumewe na kudanganya mbele ya watu wa dua. Hawa ndugu wa mzee wanatafuta sababu tu. Watamtoa dukani, watamtoa na nyumbani."

"Na wewe je?"

"Mlinzi halindi mali tu. Analinda na aibu ya mwenye mali."

Nilimkasirikia. Nilimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, jambo ambalo sijaliweza tena kwa mtu mwingine. Nikamwambia aibu ya mtu haibebwi na mshahara wa geti. Akasema, "Kata waya, Fundi. Halafu zungumza naye wewe, mkiwa wawili." Basi nikakata kile kiwaya chini ya kiti, nikakifunga ncha kwa utepe wa gundi, nikarudisha kila kitu. Testa ikazima. Kazi nzuri, na nilikuwa nimeifanya peke yangu, na hapakuwa na wa kumwambia.

Bi Salma alikuwa bado na ungo wake. Nyuma yake chumba kilikuwa na kitanda cha besera, kile chenye paa la kitambaa, na upande wa ukutani mto wa pili ulikuwa umetandikwa, una foronya safi. Nikasema, "Mama, nimepata. Ilikuwa taa ya buti."

"Umeona nini?"

"Nimeona taa."

"Taa tu?"

"Taa, mama. Nimekata waya wake. Gari litawaka." Aliendelea kupepeta. Nikasema, "Nakuomba umsafishe Kalolo. Mbele ya watu walewale."

"Nikisema nilikosea, wataniuliza nini kilikuwa kinakunywa. Nikisema taa ya buti, watasema fungua tuone, fundi wa kike asije akawa anakudanganya."

"Mama, yule ni mtu."

"Na mimi si mtu?" Akauweka ungo chini. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Binti, wewe hujazika. Zikitoka zile kanzu, atakuwa amekufa. Sasa hivi amesafiri tu." Nilikuwa na umri wa kujua nyaya, si wa kujua hayo. Nikasema tena kuhusu Kalolo, akaniambia nimesikia, nenda ukapumzike, na nilipokuwa mlangoni akaniita akanipa kopo la mchele uliokwisha kupepetwa.

Kesho yake wasukumaji walikuja kama kawaida. Bi Salma alikaa kwenye usukani, akatia ufunguo, Mfaransa akawaka kwa mguso wa kwanza. Watu wakacheka, wakapiga makofi kwenye bati. Akashuka, akajitanda kanga yake vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mashineni, "Jamani, ahsanteni, gari limepona. Na Kalolo nimemsamehe. Abaki kazini kwake."

"Mungu akuzidishie, Bi Salma," wakaitikia.

Nikasema, "Hapana. Hakuna cha kusamehe. Ilikuwa waya, nimeukata mimi mwenyewe." Kuli mmoja mtu mzima akanigusa bega, akasema kwa upole, "Dada, si umesikia amesamehewa? Yameisha." Na kweli kwao yalikuwa yameisha, chai ilikuwa inapoa. Nilimtazama Kalolo nikitaka aniruhusu niseme yote. Alitikisa kichwa. Nilimwona Bi Salma akiliona tikiso lile, akajua kwamba Kalolo anajua, na siku zote alikuwa anajua. Uso wake ulibadilika. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu walikuwa wameshatawanyika nalo.

Alasiri ile Kalolo alifunga vitu vyake. Havikuwa vingi. Aliyashusha mawe ya redio ukutani moja moja, akayatia mfukoni. Nikamwambia ameshinda, kazi anayo, anakwenda wapi. Akasema, "Nikibaki nimekubali kwamba niliiba." Alisikia huko juu Uchindile mashamba ya miti yanatafuta walinzi. "Miti haimsingizii mtu," akasema, akajaribu kucheka. Halafu akasimama pale getini akizungusha redio mikononi, akasema, "Nikishapata pa kulala nitakuja tuzungumze vizuri, Fundi. Nina neno." Nikamwambia njoo. Alipokata kona ya mashine sikumwona tena.

Nilimngoja. Nilingoja kupitia lile dirisha la mbao, mwaka ukizunguka mbele yangu: mvua, mafuriko ya Lumemo hadi kwenye ngazi za duka, mavuno, harufu ya mpunga mpya. Mlinzi mpya alikuwa mzee asiye na redio. Na kila asubuhi Mfaransa aliwaka mwenyewe. Hilo ndilo ambalo sikulifikiria nilipokuwa na testa mkononi: gari likipona, hakuna anayeitwa. Wanaume walitoka msikitini wakapita. Makuli hawakuvuka barabara. Bi Salma aliwasha, akangoja kidogo na mikono juu ya usukani, akazima, akaingia ndani. Mimi nilisimama mlangoni kwangu, yeye bandani, wanawake wawili uani, na salamu ikawa "shikamoo mama", "marahaba", basi. Ukutani sikumsikia tena akizungumza. Nadhani alijua nasikia. Mwaka ulipotimia Chuma aliniambia, "Umeiva," na lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kunipa. Nikafunga begi langu. Sikumwambia mtu ninakokwenda, si kwa siri wala kiburi. Hakuna aliyeuliza.

Nimeishi vizuri, msinihurumie. Duka langu Morogoro linajulikana, mafundi vijana wananiita Mama Umeme, na magari yaliyoshindikana yanaletwa kwangu. Sikuolewa, na si kwa sababu ya Kalolo, watu wasitengeneze hadithi. Lakini kila nilipoweka testa kwenye betri na balbu ikawaka nyekundu, nilikumbuka kwamba mtu mmoja alibeba jina baya kwa ajili ya nguo, akaenda zake, na hakuna aliyelirekebisha. Niliibeba hasira ile miaka yote kama msumari kwenye kiatu. Hata kwenye basi la kwenda hitimani niliibeba.

Jumamosi dua ilisomwa, wanaume chini ya turubai, wanawake ndani. Nikatoka nje kupata hewa kwenye banda la gari, na nikiwa pale nikaliona koti kabla sijamwona mtu. Koti jeusi la sufu, kwenye joto lile la Ifakara, limechakaa kwenye kola, na kwenye mkono wa kushoto lina alama ya mviringo, rangi ya kahawa. Aliyelivaa alikuwa mzee mrefu aliyepinda kidogo, anamtazama yule kuku kwenye kiti cha mbele.

"Fundi," akasema, bila kugeuka.

"Habari za miaka, Kalolo."

"Za miaka ni nyingi." Akageuka. Meno yamepungua, macho yaleyale. Nikalishika koti pale palipoungua, sikuweza kujizuia, nikamuuliza amelitoa wapi.

"Alinipa yeye," akasema. "Kiangazi kilichofuata baada ya mimi kuondoka alikuja Uchindile, peke yake, anaendesha. Njia yote ya Mbingu na Mlimba ile, peke yake, na nguo zote za mzee kwenye buti. Akauliza kambi kwa kambi mpaka akanipata. Akaomba watu waitwe. Akasema mbele yao: huyu nilimsingizia, nguo za mume wangu nilizificha, leo nazigawa, na wa kwanza kuchagua ni huyu. Nikachagua koti. Zingine alizigawa palepale, mpaka kofia ya mwisho."

"Na shemeji zake?"

"Alirudi akawaambia mwenyewe. Walimsema sana. Duka walichukua, nyumba alibaki nayo." Akapiga bati la Mfaransa kwa kiganja, taratibu. "Usiku ule alilala kwa mke wa msimamizi. Asubuhi nikawaita wenzangu waje kusukuma, maana mimi nilikuwa nalijua gari hili. Akasema hapana, ondokeni mbele. Akatia ufunguo, likawaka. Akaniambia: unaona? Binti wa waya. Bila yeye nisingethubutu kulala nalo ugenini."

Nilikaa kwenye ubao wa mlango wa gari. Miaka yote ile. Walisameheana, wakagawana, wakamaliza, Ifakara nzima ikajua, na mimi nikaendelea kukasirika peke yangu Morogoro, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniletea habari. Nikamwambia, "Ulisema utakuja."

"Nilikuja. Nilipanda naye gari siku ileile. Chumba chako kilikuwa kimerudishwa magunia. Nikaenda kwa Chuma, akasema umekwenda. Nikauliza wapi, hakuna aliyejua. Nikauliza hata bombani." Akaishika kola ya koti. "Baadaye nikaoa. Mtu mwema, ametangulia mwaka juzi. Kila akilifua koti hili alitaka kuweka kiraka hapo palipoungua. Nikawa namkataza. Alikuwa haelewi."

"Kwa nini ulikuwa unamkataza?"

"Nilijua nimezeeka sura," Kalolo akasema. "Nikawaza, ukija siku moja, utanitambuaje?"

Zaituni alituletea pilau kwenye sinia moja, akatuomba radhi kwamba sahani zimeisha. Tukanawa, tukala.